Umemaliza Kazi, Lakini Hujaanza Kudai

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa jimbo letu Jumamosi iliyopita. Wengi waliomba maandishi, hasa mafundi waliokuwa wamekaa nyuma. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.

 

Nimepewa nusu saa niongelee sheria. Najua neno sheria likitajwa watu huanza kuchungulia simu. Kwa hiyo sitaanza na sheria. Nitaanza na madarasa mawili.

Mwaka 2022 baba yangu, ambaye ni fundi mwashi, alipewa kazi ya kujenga vyumba viwili vya madarasa kwenye shule ya msingi moja. Sitaitaja shule wala halmashauri. Ulikuwa ule utaratibu ambao serikali inanunua vifaa yenyewe na fundi wa mtaani analipwa ufundi tu, wenyewe wanauita fosi akaunti. Ufundi walikubaliana shilingi 3,600,000. Akalipwa 1,200,000 msingi ulipokamilika, akalipwa 1,200,000 nyingine boma lilipofungwa linta. Akapaua, akapiga lipu, akamwaga sakafu, akapaka rangi. Viongozi wakaja, utepe ukakatwa, risala ikasomwa, watoto wakaingia darasani.

Zikabaki 1,200,000. Juu yake kulikuwa na 480,000 za kazi ya ziada. Kiwanja kilikuwa na mteremko, na mhandisi alipopita saiti alisema kwa mdomo, "Fundi, upande wa chini pandisha kozi tatu zaidi, tutaelewana."

Makamanda, "tutaelewana" ndilo neno ghali kuliko yote kwenye saiti.

Baba alifuatilia hela yake miezi kumi na nne. Nenda rudi, nauli, njoo Jumatatu, mhasibu yuko semina. Katikati ya danadana hiyo, mwalimu mkuu aliyesaini akahamishwa. Aliyekuja akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, mimi kwenye makabidhiano deni lako sikulikuta." Na baba alikuwa ameshawalipa saidia fundi wake, kwa sababu wale ni vijana wa mtaani kwetu, anapishana nao kila asubuhi. Aliwalipa kwa kuuza pikipiki. Muhula ule mimi nilisajiliwa chuo kwa kuchelewa, na mnaweza kukisia kwa nini.

Mimi nilikuwa nimeanza kusoma sheria, nikajiona mjanja. Nikamwambia baba, hili jambo jepesi, kazi umemaliza, watoto wanasoma mle ndani, deni ni deni. Lete mkataba. Baba akasema, "Mkataba alibaki nao mwalimu mkuu."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka mliondoke nalo leo. Kumaliza kazi ni kitu kimoja, na kudai malipo ni kitu kingine. Jengo haliongei mahakamani. Kinachoongea ni karatasi inayosema nani alikupa kazi, kazi gani, kwa bei gani, na nani aliipokea.

Wakubwa wanalijua hili siku nyingi. Mkandarasi mkubwa anayejenga kwa masharti ya FIDIC, yale ya kitabu chekundu cha 1999, hasubiri huruma ya mtu. Anapeleka madai yake yakiwa na vipimo. Mhandisi ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo. Mwajiri anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai. Akichelewa, gharama za ucheleweshaji zinaanza kuhesabiwa zenyewe. Na mkandarasi anaweza kutoa notisi ya siku 21 kisha akasimamisha kazi. Ndiyo maana ripoti za CAG zimekuwa zikionesha fedha za umma zinazoishia kulipa riba kwa sababu makandarasi walicheleweshewa malipo.

Sasa linganisha na baba yangu. Hana cheti, hana siku 56, hana riba. Yaani mkubwa akicheleweshewa, wewe na mimi tunamlipa riba kwa kodi zetu. Mdogo akicheleweshewa, anakuwa ameikopesha serikali bure, bila kuulizwa, na dhamana ni pikipiki yake. Hiyo ndiyo siasa ya jambo hili, na nitairudia. Kwanza tujifunze kudai.

Naanza na kabla ya kazi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba kila mkataba lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Shida ni kuyathibitisha, maana mwenzako akikana unabaki neno lako kwa neno lake. Kwa hiyo saini nakala mbili na uondoke na yako. Usikubali "nakala utaifuata kesho". Iandikwe kazi ni ipi, bei ni ngapi, malipo yanatoka hatua zipi, na nani ana mamlaka ya kukuagiza kazi ya ziada. Kama kuna makadirio, yale mnayoyaita BOQ, yaambatanishwe na yasainiwe. Na kabla hamjafika mahakamani mkumbuke ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Pili, wakati wa kazi. Kila hatua ikiisha, isainiwe. Msingi umekamilika, andika tarehe, andika vipimo, mpe mhandisi au msimamizi asaini. Mtu akikuagiza jambo nje ya mkataba, usibishane naye, ila jioni mtumie ujumbe: "Mhandisi, kama ulivyoniagiza leo, naongeza kozi tatu upande wa chini, ufundi wake ni 480,000. Kama sivyo nijulishe kabla ya kesho asubuhi." Ujumbe huo wa WhatsApp ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu kumbukumbu za kielektroniki zipokelewe mahakamani, ilimradi uoneshe zimetoka wapi na zimetunzwaje. Kwa hiyo usiifute, na usiuze simu kabla kesi haijaisha.

Tatu, siku ya kukabidhi. Siku ya utepe wote wanakupigia makofi, na hiyo ndiyo siku ya kuomba hati ya makabidhiano, sio wiki ijayo. Iseme kazi imepokelewa, kasoro ni hizi, salio ni hili. Kama mkataba unaruhusu sehemu ya hela izuiliwe mpaka kipindi cha matazamio kiishe, tarehe ya kuitoa iandikwe. Halafu kuna mtego. Ukipewa nusu ya hela na karatasi imeandikwa "nimepokea malipo yote", usisaini hivyo. Sheria inamruhusu mtu kukubali pungufu na kumsamehe mdaiwa, na karatasi hiyo itasomwa kwamba umesamehe. Andika "nimepokea sehemu, salio ni kadhaa", ndiyo usaini.

Sasa kuna wenye nyumba. Fundi amemaliza, bosi amehamia, ameweka mapazia, halafu anasema, "Silipi, mlango wa chooni haufungi vizuri." Je, kasoro ndogo inaua deni lote?

Chuoni tunasoma kesi za Uingereza, kwa sababu sheria yetu ya mikataba imerithi mengi kutoka huko. Mwaka 1952, katika kesi ya Hoenig dhidi ya Isaacs, fundi alikuwa amepamba na kuweka samani kwenye makazi ya mtu kwa paundi 750. Mwenye nyumba akahamia, akatumia kila kitu, halafu akakataa kumaliza malipo kwa sababu ya kasoro ambazo kuzirekebisha ilikuwa kama paundi 56. Mahakama ikasema kazi imekamilika kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo lipa bei, kata gharama za kurekebisha. Kwa lugha ya mtaani, kata hela ya bawaba, usikate hela ya nyumba.

Ila msishangilie haraka. Mwaka 1972, Bolton dhidi ya Mahadeva, mtu aliweka mfumo wa kupasha nyumba joto kwa paundi 560. Ukawa unatoa moshi na joto halitoshi, kurekebisha ni paundi 174. Huyo hakupata kitu, kwa sababu alichoweka hakikufanya kazi iliyokusudiwa. Mahakama inaangalia uzito wa kasoro. Fundi wa kulipua hana pa kujificha.

Na ipo ya 1898, Sumpter dhidi ya Hedges. Fundi alikubali kujenga nyumba mbili na mazizi ya farasi kwa paundi 565, akafanya kazi ya kama paundi 333, akaishiwa hela, akaondoka. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe. Mahakama ikampa fundi thamani ya vifaa vyake vilivyotumika tu, kazi aliyofanya hakulipwa. Somo lake ni kwamba usikimbie saiti. Ukicheleweshewa malipo ukaondoka kimya kimya, kesho wewe ndiye utaitwa mvunja mkataba. Andika barua kwanza: sijalipwa hatua ya pili, nakupa siku kadhaa, usipolipa nasimamisha kazi kwa sababu hiyo.

Sura yetu ya 345 ina kifungu cha 70 ambacho kwa mnyonge ni kizuri. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu akikufanyia jambo kihalali, bila nia ya kukufanyia bure, na wewe ukafaidika nalo, unawajibika kumfidia. Baba yangu hakupandisha zile kozi tatu kama sadaka. Kifungu cha 73 nacho kinaruhusu kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba.

Haya, umedai, umepigwa danadana. Unaenda wapi?

Saidia fundi aliyeajiriwa na kukosa ujira wake, mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na asilale, maana mgogoro wa ujira unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 60. Fundi aliyechukua kazi kwa mkataba wa bei moja dhidi ya mtu binafsi anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, deni la mkataba likiwa halizidi shilingi milioni 30. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza kisiwe kisingizio cha kuogopa. Mkataba wenu mkubwa ukiwa na kifungu cha usuluhishi, anzeni huko, na Baraza la Taifa la Ujenzi linahusika na migogoro ya aina hiyo.

Kwa ujumla, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba. Na mdaiwa akiandika na kusaini kwamba "tunatambua deni lako" kabla muda haujaisha, saa inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo ile barua ya "tunatambua deni lako, bajeti ikiruhusu tutalipa", ambayo baba aliikunja kwa hasira, ilikuwa dhahabu. Nyumbani nimeinyoosha kwa pasi.

Sasa njoo kwa mdaiwa aliye serikalini. Kwanza, shule ya msingi ya serikali haishtakiwi, kwa sababu sio mtu kisheria. Mwalimu mkuu naye alisaini kwa cheo chake, ukimshtaki yeye binafsi umepotea. Mdaiwa ni halmashauri. Na tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ukitaka kuishtaki halmashauri unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu kwenye kesi, usipomuunganisha kesi inaharibika. Na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu.

Ngoja hiyo iwaingie. Fundi anayemdai jirani yake milioni 29 anakwenda Mahakama ya Mwanzo, pengine kwa miguu. Fundi anayeidai halmashauri 1,680,000 anatakiwa kwenda Mahakama Kuu kupambana na mawakili wa serikali. Na hata akishinda, mali za serikali hazikamatwi na dalali kama kitanda cha baba yangu kinavyoweza kukamatwa.

Wanaotunga sheria hizi wanajua wanachofanya. Mwishoni mwa 2021, kwa ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, serikali ilitangaza madarasa 15,000, shilingi milioni 20 kila moja, yajengwe haraka. Fosi akaunti imewategemea mafundi wa mitaani. Tukaambiwa imeokoa gharama, na kweli imeokoa. Swali letu kama chama cha upinzani ni hili: sehemu gani ya nafuu hiyo imetoka kwenye bei, na sehemu gani imetoka mfukoni kwa fundi asiye na pa kudai?

Mtauliza tufanye nini. Uingereza mwaka 1994 Sir Michael Latham alitoa ripoti kuhusu sekta yao ya ujenzi, na mwaka 1996 Bunge lao likatunga sheria. Ikampa anayejenga haki ya kusimamisha kazi asipolipwa. Ikapiga marufuku, isipokuwa mlipaji wa juu akifilisika, ile tabia ya "nitakulipa nikilipwa" inayowaua wakandarasi wadogo walio chini ya wakubwa. Na ikaweka mwamuzi anayetoa uamuzi ndani ya siku 28. Sisemi tunakili. Nasema mambo haya yanawezekana, na napendekeza tuyapeleke kwenye ilani yetu yakiwa matatu. Kila kazi ya umma, hata ya ufundi wa milioni moja, iwe na siku ya mwisho ya kulipa na riba inayojihesabu. Madai madogo dhidi ya halmashauri yasikilizwe mahakama za chini. Na orodha ya madeni ya mafundi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ili mwalimu mkuu mpya asiseme hakulikuta.

Mlioko kwenye serikali za mitaa na mabaraza ya madiwani, hamhitaji kusubiri tushike dola. Swali la diwani kwenye kikao ni bure: "Tunadaiwa na mafundi wangapi, kiasi gani, tangu lini?" Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari huo nao ni karatasi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo la aibu lazima niliseme tukiwa wenyewe. Wiki iliyopita nilipokuwa naandaa mada hii, nilimkuta fundi aliyepiga lipu na kupaka rangi ofisi ya tawi letu. Nikamwambia Jumamosi naongelea malipo ya mafundi. Akacheka, akaniambia, "Dada, basi anzieni na mimi. Nawadai 140,000 tangu Pasaka." Nikamuuliza nani alimpa kazi. Akanitajia. Nikamuuliza alimwambiaje kuhusu malipo.

Alimwambia tutaelewana.

Makamanda, hatuwezi kusimama jukwaani kuisema halmashauri huku tukiwa na halmashauri ndogo ndani yetu. Yupo hapa leo, nilimwomba aje. Naomba mwenyekiti, kabla hatujafunga, deni lake liandikwe, lisainiwe, na tarehe iwekwe.

Kuhusu baba. Tulitoa notisi ya siku 90. Tulikusanya tulichoweza: daftari la mahudhurio ya vibarua, kitabu cha wageni cha shule ambacho mhandisi alisaini kila alipopita, picha zenye tarehe kutoka kwenye simu ya saidia fundi mmoja. Nakala ya mkataba ikapatikana kwenye faili la halmashauri. Siku 90 hazijaisha, wakalipa 1,200,000 yote. Zile 480,000 za kozi tatu wamekataa, kwa sababu hakuna karatasi inayosema ziliagizwa na nani. Kozi zenyewe zipo, ukienda utaziona, madarasa yamekaa juu yake. Kifungu cha 70 kipo, na mimi bado nalifuatilia. Ila baba ameniambia nisipoteze muda wa masomo kwa ajili ya kozi tatu.

Sasa hivi anajenga nyumba ya mtu. Juzi bosi wake alimwambia aongeze kibaraza, tutaelewana. Baba akatoa simu, akamwambia, "Haya bosi, rudia hapo, naandika."



Baadaye: kabla ya kikao kufungwa, mwenyekiti alisaini deni la fundi wa ofisi ya tawi, shilingi 140,000, kulipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nakala moja ninayo mimi, nyingine anayo fundi.